Bi Masuda na Darasa la Mkekani

Mimi ndiye niliyemwambia Bi Masuda aache. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi jengo letu zima linajidai lilimuunga mkono tangu mwanzo, na mimi sitaki kuhesabiwa pamoja na waongo. Nilimwambia jikoni kwake, huku nikila vitumbua vyake, kwamba mjane wa miaka hamsini na saba mwenye magoti mabovu hachukui mtoto wa miaka kumi na mitatu kutoka nchi nyingine akamfanya wake. Samaki hukunjwa angali mbichi, nikasema. Huyu kishakuwa ng'onda, kishakauka.

"Ng'onda naye hupikwa, Khairu," akanijibu. "Ila nyinyi watu wa Mombasa hamna subira ya kumroweka."

Ndivyo alivyo. Ukimpa methali moja, anakurudishia chakula.

Bi Masuda alizaliwa hapa hapa Deira, Dubai, baba yake akiwa ametoka Unguja na masanduku mawili. Alisoma mpaka darasa la kumi, baba akafariki, na miaka kadhaa baadaye akaenda kufanya kazi kwenye hoteli moja ya Al Rigga, katika chumba cha mashuka. Mwaka wa thelathini na moja sasa yumo humo, na ndiye mkuu wa chumba. Hakuna shuka linalopanda ghorofani bila kupita mbele ya macho yake, na macho yake hayana huruma. Hakujaliwa mtoto. Mumewe, Amour, alifariki miaka sita iliyopita. Kusimama juu ya vigae miaka yote hiyo kumemla magoti, hata sala anasali juu ya kiti. Hilo la kiti likumbukeni.

Katika chumba hicho cha mashuka alifanya kazi miaka tisa na mwanamke wa Jinja, Uganda. Walikunja pamoja, walikula pamoja, waligombana pamoja. Yule mwanamke akaugua, akarudi kwao. Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, alimshika Bi Masuda mkono na kumwambia maneno mawili tu: mtoto asome. Mtoto mwenyewe, Jalia, hakusoma. Aliacha shule miaka miwili akimuuguza mama yake, mpaka mama akafa.

Bi Masuda akaanza kuhangaikia karatasi. Mahakama ya Uganda, ubalozi, idara hii na ile. Mwaka mmoja na miezi miwili. Sisi Waislamu hatumbadilishii mtoto ubini, kwa hiyo Jalia alibaki na jina la baba yake, lakini kwa kila kitu kingine akawa mtoto wa nyumba ile. Aliyetoa ridhaa ni mjomba wake, Sowedi, fundi wa pikipiki mwenye watoto sita. Sowedi si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliweka sharti moja tu, na sharti lenyewe lilikuwa la haki.

"Dada yangu alitaka huyu mtoto asome," alisema kwenye simu. "Ikifika Septemba na hayuko darasani, mumrudishe. Kukaa tu nyumbani, hata hapa anaweza."

Bi Masuda akaapa. Mimi nikakuna kichwa, maana mimi ni karani wa ofisi ya shule moja ya Al Garhoud, na najua shule zinavyowatazama watoto wenye pengo la miaka mitatu. Nilimpelekea mkuu wetu, Madam Lujain, karatasi za Jalia. Alizisoma zote, jambo ambalo si kila mkuu hulifanya, kisha akasema: "Wiki ya mwisho ya Agosti aje afanye mtihani wa hesabu na Kiingereza, halafu nizungumze naye ana kwa ana. Akifaulu yote mawili, ataingia darasa la nane. Asipofaulu hatuna nafasi, maana sitamweka msichana wa miaka kumi na minne na watoto wa miaka kumi." Shule nyingine nilizoziuliza zilinijibu hivyo hivyo, na nyingine hazikunijibu kabisa. Ilikuwa Februari, na Jalia ndiyo kwanza amefika. Miezi sita, na mwalimu ni Bi Masuda wa mashuka.

Nilicheka. Mungu anisamehe.

Alikuwa akitoka kazini saa nane mchana, anakula, anasali, na saa kumi kamili darasa linaanza kwenye meza ya kulia. Hesabu za sehemu alizifundisha kwa shuka. Yeye ncha mbili, Jalia ncha mbili, wanakunja: nusu. Wanakunja tena: robo. Tena: thumuni. "Sasa nikunjulie robo tatu," anasema, na mtoto anakunjua. Asilimia alizifundisha kwa hoteli: vyumba mia na themanini, jana wamelala wageni katika mia na thelathini na tano, je, hoteli imejaa asilimia ngapi? Kiingereza walisoma kwa barua za malalamiko ya wageni, ambazo Bi Masuda anazijua kwa moyo. Mpaka leo Jalia akiandika Kiingereza huanza kwa kusikitika sana kwa usumbufu uliotokea.

Aljebra haikuwamo katika mashuka. Hapo alimwendea Clifford, mlinzi wa jengo letu, Mganda aliyefundisha hesabu sekondari kabla ya kuja huku kufungua na kufunga milango. Kila siku akirudi kazini Bi Masuda alisimama robo saa kwenye meza ya Clifford pale chini, na daftari lake, mkuu wa chumba akifundishwa kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Watu walipita na mifuko yao ya sokoni wakimtazama. Hakujali. Anajifunza saa nane na nusu, anafundisha saa kumi. Nani mwingine angefanya hivyo? Mimi nisingefanya, na nina stashahada.

Sasa nifike kwenye kosa, kwa sababu lilikuwepo, na mimi nilikuwa mshirika.

Asubuhi ya kwanza kabisa Jalia alimletea Bi Masuda chai, akapiga magoti yote mawili chini, akamwinulia kikombe. "Umelala vizuri, Hajati?" Bi Masuda karibu amwage chai.

"Kwanza mimi sijahiji, usiniite Hajati. Pili, inuka, inuka mwanangu! Kwetu hapigiwi mtu magoti. Magoti ni ya Mola."

Jalia akainuka. Mchana akapiga tena, kuomba chumvi. Akainuliwa tena. Hata akizungumza na mjomba wake kwenye simu, mjomba yuko Jinja na haoni kitu, mtoto anapiga magoti kwenye zulia. Bi Masuda akakataza katakata, kwa wema wake wote. Alitaka mtoto ajue kwamba hakuletwa kuwa mtumishi. Katika mji huu tumewaona wengi wanaoinamia wenye nyumba zao, na yeye hakutaka jambo hilo chini ya dari lake.

Nilimuunga mkono kwa sauti kubwa. "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe," nikasema. "Kaza hapo hapo."

Jalia akatii. Kuanzia siku hiyo akawa anasimama wima kando ya meza, mikono nyuma, au anakaa kitini anapoambiwa akae. Na kuanzia siku hiyo, ndiyo na hapana yakawa maneno yake yote. Umeelewa? Ndiyo. Una swali? Hapana. Bi Masuda alieleza jambo mara tatu, mara nne, akitafuta katika uso wa mtoto dalili ya kitu, na mtoto alitazama ukingo wa meza. Machi ikaisha, Aprili ikaisha. Alianza kuniuliza, akijikaza asionekane ana wasiwasi, kama nadhani ile miaka miwili ya uuguzi ilimharibu mtoto kichwa.

Mwezi wa Mei nilileta karatasi za zamani za mtihani, Jalia akazifanya siku ya Alhamisi. Hesabu akapata thelathini na moja kwa mia. Nusu ya kurasa zilikuwa nyeupe. Bi Masuda alizipanga upya mezani, pembe kwa pembe.

"Kosa si la mtoto," akasema. "Mwalimu ndiye hana kitu. Nimejidanganya, Khairu. Mashuka na aljebra wapi na wapi? Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitampigia Sowedi. Heri arudi sasa aanze muhula kwao kuliko kumpotezea mwaka mwingine."

Nilitaka kusema nilikuonya. Neno lilikuwa mdomoni. Nilimtazama usoni nikalimeza, na ni katika mambo machache ya mwaka ule ninayojipongeza kwayo.

Ijumaa hiyo, kabla ya adhuhuri, nilishuka kutupa taka. Lifti ilipofunguka nilisikia sauti ya msichana ikimwagika: na hii inahamia upande wa pili kwa nini, na ikihama kwa nini inageuka alama, na kama zote mbili zina hasi, je? Nikachungulia. Jalia alikuwa amepiga magoti kando ya meza ya mlinzi, daftari juu ya paja, na Clifford, kofia kando, anamjibu. Yule mtoto tuliyemdhania hana la kuuliza alikuwa na maswali ya kumtosha mwalimu mkuu na manaibu wake.

Kabla sijafungua mdomo, lifti ya pili ilifunguka akatoka Bi Masuda, buibui lake tayari, simu mkononi. Aliona kama nilivyoona. Jalia akaruka juu, akasimama wima, mdomo ukafungwa kana kwamba haujawahi kufunguka.

"Kumbe unasema," Bi Masuda akamwambia, polepole. Aliumia, nami nikaona alivyoumia. "Mlinzi unamuuliza. Mimi sikutoshi?"

Mtoto akaanza kulia bila sauti. Clifford ndiye aliyejibu.

"Hajati, usikasirike. Huyu mtoto ako na maswali mingi kila siku. Lakini kwetu mtoto wa kike haongei na mkubwa akiwa juu yake. Lazima ashuke chini kwanza, hapo ndio mdomo inafunguka. Wewe ulimkataza kushuka. Sasa akisimama, kichwa yake iko juu ya kichwa yako. Akikaa kwa kiti, mko sawa. Atakuuliza namna gani? Ataona ni kukutukana."

"Miezi mitatu?" Bi Masuda akasema. "Miezi mitatu ananyamaza kwa kuniheshimu?"

"Ndiyo, Hajati."

Bi Masuda akaitazama simu aliyotaka kumpigia Sowedi. Kisha akaitia simu ndani ya mkoba, akarudi kwenye lifti, akaniambia nimfuate pamoja na mtoto.

Juu, alinifanya nisukume meza ya kulia mpaka ukutani. Akatoa mkeka wa marehemu mama yake kutoka juu ya kabati, akautandika sebuleni. Halafu akashika mkono wa kochi, akaanza kushuka. Nilimwambia, dada, utaniua kwa hofu, subiri nilete kigoda. Akanifokea ninyamaze. Goti la kwanza lilimtoa "Ya Rabbi" ya kweli, la pili likamtoa jasho. Alipofika chini alikuwa anahema na mtandio umemwendea upande. Mwanamke ambaye hata Mola wake anamsujudia juu ya kiti alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha mbele.

"Jalia!" akaita. "Njoo. Hapigiwi mtu magoti hapa, lakini kukaa chini hakujaharamishwa. Mama yangu alikaa hapa hapa. Kaa."

Jalia alisimama mlangoni akimtazama. Kisha akaja, akakaa mkekani, miguu kaiweka upande mmoja, akajiinamisha kidogo ili awe chini zaidi ya Bi Masuda kwa urefu wa shingo.

"Haya, uliza."

"Niulize nini, Hajati?"

"Lolote. Lile ulilokaa nalo tangu Februari."

Nilidhani litakuwa la aljebra. Mtoto alikunja ncha ya gauni lake, akalikunjua.

"Mama yangu alikuwa anakunja shuka namna gani?"

Niseme tu kwamba nililia, na karatasi za jikoni nilizozimaliza sikuzirudisha. Bi Masuda hakulia. Aliomba shuka, akamwonyesha: "Mama yako alikuwa akitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo akianza huku, hivi, na pembe anazipiga kwa kidole gumba, hivi. Miaka tisa nilimwambia apige kwa kiganja, na miaka tisa hakunisikia." Wakakunja shuka lile moja hilo hilo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Simu ya Sowedi haikupigwa.

Kuanzia hapo darasa likawa la mkekani, na maswali yakaja kama bomba lililozibuliwa. Kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Kwa nini huwezi kugawa kwa sifuri? Nani alisema? Bi Masuda hakujua nusu yake, na uzuri wake ni kwamba hakujifanya anajua. "Sijui," anasema, "kesho nitakujibu," na analiandika katika daftari ambalo juu yake aliandika SIJUI kwa kalamu ya wino mzito. Kesho yake daftari linashuka kwa Clifford. Nimefanya kazi shuleni miaka kumi na miwili na sijamwona mwalimu mwenye daftari kama lile. Juni, Julai, joto la kukaangia yai, kila siku saa kumi yule mwanamke alikwenda chini na "Ya Rabbi" yake, na saa kumi na mbili mimi na Jalia tukamwinua, mmoja huku, mmoja huku.

Wiki ya mwisho ya Agosti ikafika. Mtihani Jalia aliufanya Jumatatu. Jumatano nikazikagua alama mara mbili kwa macho yangu: hesabu sitini na nane, Kiingereza sabini na moja, na kinachotakiwa ni sitini. Nikajua tumeshavuka. Nilisahau kwamba bado kulikuwa na mazungumzo, siku hiyo hiyo.

Madam Lujain ni mtu wa hapa hapa, bibi yake alitoka Unguja, na Kiswahili anakielewa kuliko anavyokisema. Alimkaribisha Jalia kwa upole, akamwonyesha kiti. Jalia hakukaa. Alisimama mbele ya ile meza kubwa, mikono nyuma, macho kwenye zulia. Bi Masuda alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mimi mlangoni na faili.

"Swali la tisa ulilipata vizuri sana," Madam akasema. "Nielezee ulivyofanya."

Kimya.

"Chukua muda wako. Au niulize wewe kitu, chochote kuhusu shule."

Kimya. Madam akatazama karatasi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, na nikaona shaka ikimwingia, nayo ilikuwa shaka ya haki.

"Bi Masuda," akasema taratibu, "karatasi inasema anajua, mtoto anasema hajui. Mimi nimwamini nani? Darasani kwangu mtoto asiyezungumza anapotea. Siwezi kumchukua nikampoteza."

Septemba, na Jumapili ya kufungua shule, ilikuwa siku nne mbele. Nilijua anaweza kujibu lile swali hata usingizini, na nilijua hatalijibu, hata akirudishwa Jinja kwa kunyamaza kwake. Nikafungua mdomo nieleze. Bi Masuda aliniwahi.

Alishika ukingo wa ile meza ya mkuu, akaanza kushuka. Madam Lujain aliruka kutoka kwenye kiti chake akidhani mtu anazimia.

"Niko salama, madam," Bi Masuda akasema kutoka chini, jasho likimtiririka, miguu kanyoosha kwenye zulia la ofisi, viatu vyake vya kazini vinatazama dari. "Nimekaa tu. Jalia, njoo darasani."

Jalia akaenda, akakaa kando yake, miguu upande mmoja. Akashusha pumzi. Kisha akainua uso kwa Madam, mara ya kwanza tangu aingie.

"Madam, naomba kuuliza. Hapa watoto wanauliza wakiwa wamekaa?"

Madam Lujain alikuwa bado amesimama. Akamtazama Bi Masuda pale chini, na nadhani bibi yake wa Unguja alimjia akilini, kwa sababu uso wake ulilegea.

"Ndiyo, binti. Wanakaa. Wananyoosha mkono, wanauliza."

"Na mwalimu anakuwa amesimama?"

"Mwalimu anasimama."

Jalia akafikiri. "Basi yeye ndiye atakuwa juu," akasema. "Basi naweza."

Akaomba ile karatasi ya swali la tisa, akaiweka kwenye zulia, akaanza kueleza, na njiani akamvua Bi Masuda mtandio wa mabegani akaukunja nusu, robo, thumuni, ili Madam aone robo tatu imetoka wapi. Madam akazunguka meza yake, akachuchumaa aone vizuri. Akauliza swali, akajibiwa, akaulizwa la kwake, akasema hilo sijui. Bi Masuda akaniambia niliandike.

Kumwinua ilibidi tuwe watatu, na mmoja wetu alikuwa mkuu wa shule. Fomu nilijaza siku hiyo hiyo.

Jioni tulikuwa sebuleni kwake, mimi na vitumbua vyangu. Jalia akampigia mjomba wake. Simu ilipopokelewa, kabla hata ya salamu, magoti yakaenda chini kama kawaida, kwenye vigae vitupu, maana mkeka ulikuwa umekunjwa. Halafu akakumbuka yuko wapi. Akamtazama Bi Masuda, akaanza kuinuka.

Bi Masuda alikuwa kwenye kiti chake cha kusalia, magoti yamevimba. Alimwashiria abaki. Akavuta mto kutoka kwenye kochi, akajivuta mbele, akausukuma chini ya magoti ya mtoto.

"Mwambie mjomba," akasema. "Mwambie Jumapili unaanza."